Aliyeimba Sauti Tatu Peke Yake

Soko la karibu na stesheni ya Tbilisi halina adabu siku ya Jumamosi. Watu husukumana kati ya mafungu ya giligilani na ndoo za pilipili za kusindika, wasukuma mikokoteni hupita wakipiga kelele "Miguu! Miguu!", na asiye na viwiko harudi nyumbani na kitu. Tekle Khukhunaishvili alikuwa na viwiko. Alikuwa pia na gauni jeusi kama wanawake wote wa mji huu, na buti nyekundu ambazo wengi wao wasingethubutu kuzivaa, na kwa viwiko na buti hizo alijipenyeza hadi kwenye meza ya jibini ya Tsiala.

Tsiala alikuwa jimama kutoka Guria, mkoa wa magharibi mwa nchi, mwenye mikono ya mpiga mieleka na sauti nzito kiasi kwamba wateja wageni walimtafuta mwanamume aliyejificha nyuma yake. Alikuwa akikata jibini huku akiimba, nusu mdomo, sauti ya chini ya wimbo wa zamani wa kwao. Sasa, kwa watu wa Guria wimbo una sauti tatu, na kila sauti ina mwenyewe na njia yake. Kumwacha mtu aimbe sauti moja peke yake ni kama kumwona amebeba meza kwa upande mmoja ukampita. Tekle naye alikuwa Mguria, amekulia katika nyumba ambamo mahindi hayapukuchuliwi bila wimbo. Aliweka kikapu chini, akatia sauti ya kati.

Ndipo kutoka upande wa matango ikaruka sauti ya tatu.

Ilikuwa ile ya juu kabisa, ya koo linalovunjika na kuungana, inayowika juu ya zile mbili kama jogoo aliyeota ndoto njema. Muuza samaki alisimamisha kisu hewani. Wimbo ulipokwisha Tekle aligeuka, akamwona kijana mrefu, mwembamba, koti la ngozi mabegani, nywele amezifunga kwa mpira wa kufungia mboga, mfuko wa matango mkononi.

"Nani kakufundisha hiyo?" Tekle aliuliza. Salamu hakutoa.

"Santuri za zamani. Na babu yangu, alikuwa akiimba akinyoa ndevu."

"Babu yako wa wapi?"

"Wa hapahapa Tbilisi."

"Pole sana."

Kijana alicheka. "Na wewe, pale kwenye ubeti wa pili ulipochepuka. Ile kona umeitoa wapi? Sijaisikia kwa mtu."

"Sijaitoa popote. Imekuja tu."

"Basi ni yako. Usimpe mtu."

"Jibini mnanunua," Tsiala aliuliza, "au mmekuja kunifurahisha bure?"

Walinunua, tena kwa wingi kuliko walivyohitaji. Walipokuwa wakifungiwa, Tekle alimtazama tena kijana yule, akapiga paji la uso wake. "Subiri. Wewe si yule mpiga gitaa wa Sabagiro?"

Ndiye. Ramaz Endeladze, gitaa la kwanza la bendi ya Sabagiro, bendi ya roki ambayo picha yake ilikuwa imebandikwa hata kwenye ukuta wa soko lile, juu ya kichwa cha muuza vitunguu.

"Kwa hiyo wewe unapiga kelele kwa mshahara," Tekle alisema.

"Wewe je?"

"Kinanda, kwenye bendi ya mkahawa mmoja kando ya mto. Harusi. Nyimbo zilezile, bibi harusi tofauti."

"Basi sote ni wafungwa," alisema Ramaz. "Shangazi, unafunga saa ngapi?"

Hivyo ndivyo ulivyoanza utatu wao usio na jina. Kila alasiri wateja walipopungua, Ramaz alikuja na koti lake, Tekle na buti zake, na watatu wakasimama nyuma ya mapipa ya jibini wakaimba. Kichekesho ni kwamba mambo yalikuwa juu chini: mwanamke mnene ndiye aliyeimba sauti nzito, na mwanamume mwenye koti la ngozi ndiye aliyelia juu kama jogoo. Watu walikuja kucheka, wakabaki kusikiliza. Tsiala aliongeza bei ya jibini na hakuna aliyelalamika.

Bendi kubwa zina pua. Haikuchukua muda Zaza, kiongozi na mwimbaji wa Sabagiro, akanusa.

"Ramaz, bwana wee," alimwambia wakiwa mazoezini, "wake zako halali ni sisi. Nasikia una nyumba ndogo. Tena nyumba ndogo yenyewe inanuka jibini."

"Nyumba ndogo haina spika, Zaza. Wala haininunii nikichelewa."

"Jina lake nani?"

"Ziko mbili. Mmoja anazidi kilo mia."

Wenzake waliangua kicheko. Ramaz naye alicheka, lakini masikio yalimwiva, maana huyo wa pili alikuwa amekwisha kuingia moyoni na kuvua viatu.

Walipendana kwa ubishi, kama wanavyopendana watu wenye kiburi. Ramaz alimpigia Tekle simu akiwa jukwaani, mafundi wakijaribu spika.

"Uko wapi? Mbona kuna radi?"

"Ni ngoma za bendi, maisha yangu. Niimbie kidogo, nisikie kitu kisicho na waya."

"Mimi niko jikoni mkahawani, Ramaz. Mpishi ananitazama."

"Mwambie ageuke."

Naye aliimba, simu ameibana kwa bega, mpishi akikoroga mchuzi polepole ili asiharibu. Wimbo ulipokwisha, simuni ilisikika ile radi tu.

"Upo?" Tekle aliuliza.

"Nipo. Nakupenda, Tekle."

"Wewe unapenda sauti ya kati."

"Napenda ya kati, na buti, na ulimi wako mkali. Napenda vyote."

"Haya, rudi kwenye radi yako," alisema, akakata simu na kutabasamu mbele ya sufuria.

Mwezi wa Mei Tekle alimpigia baba yake, Varlam, kule kijijini Guria. Varlam ndiye kiongozi wa waimbaji wa kijiji, mzee asiyesifu kitu, na kwa desturi ya kwetu alimwita binti yake "baba", kama yeye mwenyewe alivyoitwa na binti huyo.

"Baba, sherehe ya mavuno nakuja na watatu wangu. Tutaimba mezani kwako."

"Watatu wa mjini?"

"Wawili Waguria, mmoja wa mjini. Huyo wa mjini anaimba ya juu."

Varlam alijibu, "Nitawaambia watu, baba. Nikishawaambia, usiniaibishe."

"Nikuaibishe mimi?" Tekle alisema, shingo imesimama. Na neno la Mguria likishatoka mbele ya kijiji kizima, halirudi.

Kiangazi kilifika na Sabagiro wakaenda kuzunguka miji ya pwani ya Bahari Nyeusi. Hotelini, mbali na soko, Ramaz alishikwa na upweke. Alikuwa na mashine yake ndogo ya kurekodia. Aliimba sauti yake ya juu, akairekodi. Kisha, ili asikie kama wote wapo, akaimba mwenyewe chini yake sauti ya Tsiala. Kisha ya Tekle, pamoja na ile kona ya ubeti wa pili, sawasawa kama mwenyewe anavyoichepusha. Akaisikiliza macho ameyafumba, akaona raha. Hadi hapo hakuna aliyemkosea mtu.

Kosa lilikuja asubuhi, Zaza aliposikia.

"Hawa wote ni wewe?" Zaza alishika kichwa. "Ndugu yangu! Hii inafungua albamu. Gizani, kabla ya ngoma. Watu watalia!"

Ramaz angeweza kusema ngoja kwanza niulize. Lakini Zaza alikuwa akimkumbatia, na wenzake walikuwa wakimpigia makofi, na sifa ni tamu. Akasema sawa. Tena akajiambia kwamba Tekle atafurahi, kwamba ni zawadi, atamshtukiza.

Alimshtukiza kweli. Ilikuwa sokoni, redio ya muuza kachumbari ikiwa wazi. Tsiala ndiye aliyesikia kwanza, akasimamisha kisu.

"Tekle. Njoo. Sikiliza chini."

Tekle alisikiliza chini, akasikiliza juu, kisha ukaja ubeti wa pili na sauti ya kati ikachepuka pale pake, kwa njia ile isiyo ya mtu mwingine duniani, ikatoka katika koo la Ramaz. Mtangazaji akasema, "Huyo ni mtu mmoja, ndugu wasikilizaji, sauti zote tatu. Kipaji hicho!"

"Kaniimba," Tsiala alisema taratibu. "Mtoto yule kaniimba nikiwa hai."

Tekle aliacha kikapu chini. Alipauka hadi midomo. Alitoka nje ya soko, akasimama ukutani, akapiga simu.

"Maisha yangu!" Ramaz aliitikia kwa furaha. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na?"

"Umeimba sauti yangu, Ramaz."

"Ndiyo! Kona yako yote! Kila usiku watu elfu kadhaa wanaisikia. Ni heshima yako ile."

"Kama ni heshima yangu, ungeniita."

"Ulikuwa mbali, mpenzi, na ilikuwa hoteli tu, nilikuwa nimewakumbuka..."

"Ungesubiri. Unajua kwetu wimbo wa watatu hauimbwi na mmoja. Hata mlevi kwetu anajua. Hata kichaa, akitaka kuimba, anatafuta vichaa wawili wengine."

"Tekle, ni mashine tu."

"Si mashine. Umejifunza sauti yangu mpaka ukaona hunihitaji." Alipiga ukuta kwa kisigino cha buti. "Basi jioe mwenyewe. Mko watatu, hamtapata upweke."

Simu ikakatika. Ramaz alipiga tena na tena, haikupokelewa. Siku hiyo jukwaani, gizani kabla ya ngoma, Ramaz alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika mara tatu, watu wakishangilia, na kwa mara ya kwanza aliisikia kama alivyoisikia Tekle. Ilikuwa safi mno. Hakuna aliyekuwa akimsubiri mwenzake, hakuna aliyemshangaza mwenzake. Alitamani ardhi ipasuke.

Walipomaliza alimfuata Zaza.

"Itoe."

"Nini?"

"Ile ya mwanzo. Kwenye maonyesho, kwenye albamu, kila mahali. Si yangu."

"Una wazimu? Ndiyo inayopendwa kuliko zote!"

"Mbili katika zile sauti ni za watu. Nilizichukua bila kubisha hodi."

Zaza alimtazama, akasonya. "Hiyo nyumba ndogo itakuja kuvunja kubwa, nakwambia."

"Haitavunja. Gitaa langu unalo, nitalipiga mpaka vidole vitoke damu. Lakini ile itoe, Zaza, au nitoe na mimi."

Zaza aliitoa, kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Lakini aliitoa.

Ramaz aliporudi mjini alikwenda sokoni moja kwa moja. Tekle hakuwepo. Tsiala alikuwepo, mikono kifuani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Sema shida yako."

"Nataka jibini kidogo. Na nataka kukuomba radhi."

"Jibini jiuzie mwenyewe," Tsiala alisema. "Si unajua kuwa watu watatu? Mmoja akate, mmoja apime, mmoja anunue."

"Nimeitoa ile, Shangazi. Redioni haipigwi tena."

"Nimesikia. Radhi yangu nitakupa, maana nina moyo mkubwa, kama mengine yangu yote. Ya yule mwenye buti sinayo mimi."

"Bado mnaenda kwa baba yake?"

"Tunaenda. Neno limetoka. Wawili, kama meza ya miguu miwili." Akamfungia kipande cha jibini kwa hasira, akamsukumia. "Sijakwambia siku. Siku unaijua."

Aliijua.

Siku ya sherehe, ua wa Varlam ulikuwa umejaa. Meza ndefu ilikuwa imetandikwa chini ya mizabibu iliyopandishwa juu ya miti, mikate ya mahindi ikitoa moshi, kuku wamezama katika mchuzi wa karanga, divai nyekundu ya kule ikiwa mitungini. Tekle alivaa gauni la mahameli la bluu, na shingo yake ilisimama kuliko siku zote. Tsiala alikuwa na bizimu kifuani kubwa kama kisahani.

"Wa tatu yuko wapi?" Varlam aliuliza mbele ya watu.

"Amechelewa, baba," Tekle alisema. Alidanganya kwa kiburi kitupu. Hakuwa amemwalika, hakuwa amezungumza naye tangu ile simu. Aibu aliiona ikija.

Lango likalia. Ramaz aliingia kwa miguu, vumbi hadi magotini, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, nywele amezikata. Gitaa hakuja nalo. Meza nzima ilinyamaza, kwa sababu redio hufika Guria pia.

Varlam alimpima kwa macho. "Wewe ndiye uliyeimba sauti tatu peke yako?"

"Ni mimi, mzee."

"Zilikutoshaje mdomoni?"

"Hazikutosha."

Wazee walicheka. Varlam hakucheka. "Umefika, wewe ni mgeni, na mgeni kwetu ni wa Mungu. Kaa, ule. Lakini hapa sauti zote tatu zina wenyewe. Ya juu ni ya Lado, yule pale, toka kabla hujazaliwa. Imebaki ya nne. Ile ya nyimbo za kulimia mahindi. Unaijua?"

"Ile ya kushikilia."

"Hiyohiyo. Haipandi, haishuki, inasimama katikati palepale. Hakuna mgeni aliyewahi kuisifu, wengi hata hawaisikii. Lakini ikianguka, tumeanguka wote. Unaweza?"

"Nitajaribu, mzee."

Tekle aliangalia sahani yake. Alimjua Ramaz: mtu wa mapambo, mtu wa kuruka, mtu ambaye vidole vyake haviwezi kupita kwenye waya bila kuongeza kitu. Akajisemea, hatamaliza hata ubeti mmoja.

Wimbo ulianza. Nyimbo za kulimia huimbwa kwa makundi mawili, hili likimrushia lile, taratibu mwanzoni kama watu waliotoka kuamka, kisha kasi, kisha kasi zaidi, kana kwamba mvua inakuja na shamba halijaisha. Katikati ya makelele yale matamu Ramaz alishika sauti yake moja. Hakuipamba. Mishipa ya shingo ilimtoka, uso ukawa mwekundu, akavuta pumzi kwa wizi na kurudi palepale. Wimbo ulizidi kasi. Vijana wakapiga meza. Ndipo mzee Lado, aliyekuwa juu kabisa, akapaliwa.

Akakohoa, na mahali pa sauti ya juu pakabaki wazi. Kila mtu mezani alipasikia. Tsiala alimshika Tekle mkono. Ramaz aliijua sauti ile, kila ngazi yake, ilikuwa ndiyo sauti yake maishani, na nafasi ile ilikuwa lango lililofunguliwa mbele ya kijiji kizima na mbele ya msichana anayempenda. Alitazama mbele tu. Akabaki palepale katikati, akishikilia, mpaka mzee Lado akapata pumzi, akarudi, akaukuta wimbo umesimama vilevile unamngojea.

Machozi yalimtoka Tekle hadharani, na hakujali nani anamwona.

Wimbo ulipoisha alichukua kikombe cha maji, akamfuata Ramaz kisimani alikokwenda kujimwagia uso.

"Kunywa," alisema. "Nafasi ilikuwa wazi. Mbona hukupanda?"

Ramaz alijaribu kujibu, sauti ikatoka kama mlango usio na mafuta. "Ilikuwa na mwenyewe."

"Rudia."

"Ilikuwa na mwenyewe, Tekle. Na ile kona ilikuwa na mwenyewe. Nisamehe. Nilipoziimba zote tatu nilikuwa peke yangu kuliko siku yoyote."

Tekle alimfuta maji kidevuni kwa mkono wa gauni lake la mahameli. "Mjinga wewe. Umekata na nywele."

"Nikuoe," Ramaz alisema.

"Nini? Sisikii."

"Tuoane," alikoroma, akashika koo.

"Bado sisikii, Endeladze. Sema kama mwanamume."

Kabla hajajaribu tena, Varlam aliita kutoka mezani. "Baba! Lete watatu wako sasa! Watu wamengoja tangu Mei!"

Walirudi. Tsiala alisimama, akavuta pumzi, bizimu ikapanda. Ramaz alifungua mdomo ajaribu sauti ya juu. Kilichotoka kilimfanya mbwa wa jirani ainue kichwa. Sauti yote alikuwa ameiacha katika wimbo wa mahindi.

"Mungu wangu!" Tsiala alilipuka. "Nimefunga meza siku nzima! Nimevaa bizimu!"

"Si neno," Varlam alisema. "Lado atawashikia ya juu. Wimbo haumngojei mtu mmoja."

Wote wakamtazama Tekle. Yeye aliweka mkono mmoja kwenye bega la Ramaz, mbele ya wazee, wajomba na majirani.

"Bila yeye hatuanzi," alisema.

"Lakini Lado..."

"Mzee Lado ni bora kuliko yeye, baba, najua. Samahani, Ramaz. Lakini hatuanzi. Kama kesho bado hana sauti, tutangoja keshokutwa. Kama ni wiki, ni wiki. Tupeni pa kulala."

Varlam alimtazama binti yake kwa muda, kisha akamtazama yule kijana aliyekuwa amesimama kama mtu aliyepigwa na jua.

"Alikuuliza kitu pale kisimani?"

"Aliniuliza."

"Na ulimjibu?"

"Ndiyo nimemjibu sasa hivi," Tekle alisema.

Mzee ambaye hajawahi kusifu kitu alijaza divai pembe ya kunywea hadi ukingoni, akasimama, na meza nzima ikasimama pamoja naye. Tsiala alikuwa amekwisha kuwageukia majirani, akiwaeleza kwamba yeye ndiye aliyewakutanisha, na kwamba jibini la harusi litatoka kwake na si kwa mwingine.